Pombe haramu: Tusichanganye dhambi, sumu na leseni

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, hapa mjini Kakamega, zoezi la tafsiri. Lilikuwa zoezi jepesi: habari ya gazeti la Kiingereza kuhusu msako uliofanywa na chifu na askari katika kijiji kimoja. Mapipa yalimwagwa na wanawake 4 wakatiwa mbaroni. Wanafunzi wote 32 walikitafsiri kilichomwagwa kwa maneno yaleyale mawili: pombe haramu.

Nikawauliza: haramu kwa nani, na kwa sababu gani? Kijana mmoja kutoka Mumias, ambaye ni Mwislamu, alijibu kwamba kwake yeye pombe yote ni haramu, iwe imepikwa chunguni au imetiwa chupani kiwandani. Msichana aliyeketi nyuma yake akapinga. Haramu, alisema, ni ile isiyo na leseni. Ile inayouzwa katika baa iliyo kando ya barabara kuu haina neno. Wa tatu akasema wote wawili wamepotoka, kwani haramu ni ile inayopofusha na kuua. Mjadala ukapamba moto hadi kengele ikalia. Msichana yule akanifuata mlangoni na kuniuliza, "Daktari, ikiwa sote tuliandika neno moja na kila mmoja akakusudia lake, tulitafsiri kitu gani?"

Swali hilo limenikosesha usingizi, wala si kwa sababu za kitaaluma pekee.

Neno haramu tulilipokea kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo mzizi wake hubeba maana ya kilichowekewa mpaka, kitukufu na kilichokatazwa kwa pamoja. Ndiyo maana msikiti mtukufu wa Makka huitwa Masjid al-Haram. Katika Kiswahili limebaki neno la dini, na aghalabu neno la aibu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huitwa mwanaharamu, ilhali yeye hakutenda kosa lolote. Serikali inapolichukua neno kama hilo na kulibandika kwenye pipa la busaa, haitangazi tu kwamba muuzaji amekosa kibali. Inamtia doa la dhambi. Na mtu akishatiwa doa la dhambi, hakuna anayeuliza tena kosa lake hasa lilikuwa lipi.

Nalijua doa hilo. Nilizaliwa mwaka 1980, mwaka uleule ambapo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria hiyo ilifanya kuitengeneza, kuiuza na hata kupatikana nayo kuwa jinai. Kabla ya hapo, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, vilabu vya busaa navyo vilikuwa vimefungwa. Mama yangu, aliyeachwa mjane na watoto watano, alipika vyote viwili.

Busaa yake ilichukua takriban juma zima. Unga wa mahindi ulikandwa kwa maji na kuachwa uchache, kisha ukakaangwa juu ya bati hadi ukawa mikarango yenye rangi ya kahawia. Mikarango ilichanganywa na maji na kimea cha wimbi, ikaachwa iumuke, halafu ikachujwa. Chang'aa ilitokana na sukari guru na molasi, bidhaa ambazo hazijawahi kuadimika katika nchi yetu hii ya miwa, nayo ilikenekwa usiku, kwenye migomba, karibu na kijito. Mimi na dada yangu ndio tuliokuwa walinzi. Nilijifunza hesabu za kugawanya kwa gilasi kabla ya kujifunza kwa chaki.

Askari walikuja mara kwa mara. Siku nyingine mapipa yalimwagwa. Siku nyingine mama aliingiza mkono kifuani, noti ikabadilisha mikono, na pipa likaachwa lilivyo. Mara moja hakuwa na noti. Alifikishwa mahakamani, akatozwa faini iliyozidi karo ya muhula, na kwa kuwa hakuweza kuilipa alikaa rumande na gerezani kwa majuma matatu. Jumatatu iliyofuata mwalimu mmoja alisimama gwarideni akatuhutubia kuhusu ubaya wa pombe haramu, na wanafunzi wenzangu wakageuka kunitazama. Mwalimu huyo alikuwa mteja wetu wa kila Ijumaa, tena wa mkopo.

Sikumbuki hayo ili nimtakase mama. Majuzi nilimweleza kuhusu lile zoezi la darasani, nikamuuliza yeye angetumia neno gani. Alicheka, akasema, "Mwanangu, sisi tuliiita karo." Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja tangu alipobatizwa.

Msomaji asije akadhani kwamba mkanganyiko huu ulianza mwaka 1980. Ni mkongwe kuliko Jamhuri yetu. Mnamo 1890 mataifa makubwa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka masharti ya kuzuia vileo vikali visiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Katika koloni la Kenya, Mwafrika alikatazwa kisheria kunywa vileo vikali vya Kizungu hadi miaka ya 1950. Mlowezi aliyekunywa wiski katika klabu yake hakuvunja sheria yoyote. Mtumishi aliyempelekea gilasi angeivunja lau angeilamba. Wakati uohuo, katika miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilikuwa na kilabu chake cha pombe huko Pumwani, likiwauzia Waafrika na kutumia faida iliyopatikana kugharamia huduma zao. Pombe ya mwanamke wa mtaani ilimwagwa. Ya baraza iliuzwa. Tofauti kati ya pombe hizo mbili ilikuwa ni mfuko ambamo fedha ziliingia.

Hapa Magharibi kulikuwa na sauti nyingine. Wamisionari wa kanisa la Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliwataka waumini wao waiache pombe kabisa. Wazee wetu, waliozoea kuketi kuizunguka nyungu moja na kunywa kwa mirija mirefu baada ya mavuno, katika mapatano ya mahari na katika matanga, waliliona jambo hilo kuwa geni. Hata hivyo, sina ugomvi na wamisionari. Kanisa lina haki ya kuwaambia waumini wake wasinywe, kama uislamu ulivyo na haki hiyo. Anayejiunga hujiunga kwa hiari yake, na anayeshindwa huombewa au hutengwa, hafungwi. Tatizo huanza pale serikali, iliyo ya waumini na wasio waumini, inapoliazima neno la mimbari na kulitia pingu.

Je, marufuku ya 1980 ilizaa nini? Chang'aa haikwisha. Ilihama kutoka vilabuni, ambako kila mtu alimwona anayekunywa, ikaenda migombani, korongoni na katika vibanda vya mitaa ya mabanda mijini. Huko ikapata wapishi wa aina mpya. Mwanamke wa kijijini aliyempikia jirani yake alikuwa na sababu ya kutomdhuru, kwa kuwa angekutana naye kisimani kesho yake. Mfanyabiashara aliyeuza kwa pipa kwa watu asiowajua hakuwa na sababu hiyo. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa siku hizi hulitia methanoli.

Methanoli ni kemikali ya viwandani. Hufanana na kileo cha kawaida kwa macho na hata kwa harufu, na mnywaji hawezi kuitambua. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, hivyo mtu huanza kwa kulalamika kwamba taa zimezimwa. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walifariki Nairobi, wengi wao katika eneo la Mukuru, kwa kunywa kileo kilichotiwa kemikali hiyo. Mwaka 2005 watu takriban 50 walikufa Machakos. Mwaka 2014 makumi ya wengine wakaangamia katika kaunti kadhaa. Misiba hiyo miwili ya kwanza ilitokea wakati marufuku ingali imara vitabuni.

Wamarekani waliuonja mchuzi huohuo kabla yetu. Walipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo nchini mwao kuanzia Januari 1920, kwa kuibadilisha Katiba yenyewe. Majambazi wakatajirika, askari wakahongwa, na kileo cha viwandani, ambacho serikali iliagiza kitiwe sumu ili kisinyweke, kikaibwa na kunywewa hivyohivyo. Watu wakafa. Desemba 1933 Katiba ikabadilishwa tena na marufuku ikaondolewa.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alikuwa amelijadili jambo hili mapema zaidi, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichochapishwa mwaka 1859. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba jamii ina haki ya kumlazimisha mtu mzima pale tu anapowadhuru wengine. Manufaa yake mwenyewe, ya mwili au ya roho, ni sababu ya kumshauri na kumsihi, si ya kumwadhibu. Wanafunzi huipenda sana hoja hii, hasa wale wanaoishi nje ya bweni. Mimi pia niliipenda nilipokuwa na umri wao. Lakini nina mjomba aliyenifundisha mipaka yake.

Mjomba wangu, nduguye mama, alikuwa na ekari kadhaa za miwa. Aliziuza kipande kwa kipande, na kila kipande kilipouzwa alituapia kwamba kilikuwa cha mwisho. Mke wake alirudi kwao na watoto wanne, wawili kati yao wakaacha shule. Je, alijidhuru mwenyewe tu? Kijijini hakuna aliye kisiwa. Alipofariki, ngozi ikiwa imegeuka manjano na tumbo limefura, hakuwa ametimiza miaka 50. Hakunywa methanoli. Alikunywa busaa, chang'aa na bia ya chupa iliyolipiwa ushuru, na ini lake halikuzitofautisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 vileo vilichangia vifo milioni 2.6 ulimwenguni, na sehemu kubwa ya vileo hivyo ilikuwa halali mbele ya sheria.

Kwa hiyo sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaodai kwamba serikali haina lake hapa. Ninalosema ni kwamba katika nyumba yetu serikali ilifika mahali pasipofaa. Mama, ambaye hakunywa, ilimfunga. Mjomba, ambaye alikuwa mgonjwa, haikuwahi kumtembelea. Hapakuwa na zahanati iliyomwita, wala mshauri, wala kitanda. Katika miaka yote hiyo ya misako, hakuna siku hata moja ambapo ofisa yeyote aliuliza ni nani kijijini hawezi tena kuacha.

Mwaka 2010 tulipata nafasi ya kujisahihisha. Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilifuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikawa halali, mradi itengenezwe kwa kiwango kinachokubalika, itiwe katika chupa ya glasi na kubandikwa onyo. Baa zikapangiwa saa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Zikatakiwa ziwe mbali na shule, mita 300 angaa. Mwaka huohuo Katiba mpya ikazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Inafaa walimu wa uraia waifungue Jedwali la Nne la Katiba hiyo waone kazi hiyo imewekwa wapi: imo chini ya utamaduni na burudani, wala haimo pamoja na udhibiti wa dawa za kulevya, ambao umepewa kifungu chake. Waandishi wa Katiba walizitenganisha zile maana ambazo wanafunzi wangu walizichanganya.

Hata hivyo, mazoea ni kama sheria. Mwanamke aliyekuwa akipika katika sufuria mbili hawezi kununua mtambo wa kutia kinywaji chupani, wala kulipia vipimo. Basi karatasi ilimhalalisha na masharti yakamwacha alipokuwa, na msako ukaendelea. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza viongozi wa eneo la kati waongoze vita dhidi ya vileo vya bei nafuu. Makundi ya watu yakavamia maghala, na hata vinywaji vyenye leseni vikamwagwa. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga. Iliripotiwa kwamba kileo kilichowaua kilikuwa kimekwisha kunaswa na kuhifadhiwa kama kielelezo mikononi mwa dola, kisha kikapenya na kurudi sokoni. Ikiwa hivyo ndivyo, basi msako ulifaulu, na watu wakafa papo hapo baada ya kufaulu kwake.

Tufanye nini basi? Nadhani msichana wangu wa mwaka wa tatu ametupa mwanzo. Tulivunje neno haramu vipande vitatu, na kila kipande tukipeleke kwa mwenyewe.

Cha kwanza ni dhambi. Hicho ni cha kanisa, msikiti na nyumba. Padri, imamu na mzazi wakemee kadiri wawezavyo. Askari asiwe mhubiri.

Cha pili ni sumu. Hicho ni cha serikali, tena si cha chifu na rungu lake. Methanoli haioti shambani. Huingia nchini kwa lori na stakabadhi, huhifadhiwa ghalani na huuzwa kwa pipa. Anayeweza kuifuatilia kutoka mpakani hadi kwa mnunuzi wa mwisho ni dola pekee. Mnywaji hana maabara mfukoni. Kumkinga na asichoweza kukiona ndiyo sababu mojawapo ya kuwa na serikali. Anayeitia sumu hiyo kwenye kinywaji ni muuaji, na ashtakiwe kwa jina hilo.

Cha tatu ni leseni. Hicho ni cha kaunti, na kosa lake ni kosa la kibiashara kama la mwenye duka asiye na kibali. Adhabu ilingane na kosa, na kibali kiwe cha bei ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuchanga. Jirani zetu wa Uganda walitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, iliyowataka wakenekaji wapate leseni na kukiuzia kiwanda walichopika ili kisafishwe. Haikumaliza upishi wa vijijini, lakini leo waragi ina jina lake kwenye rafu za maduka. Sisi bado chang'aa tunaitamka tukiangalia nyuma.

Kisha yako mambo mawili yasiyohusu neno haramu kabisa. La kwanza ni madhara kwa mtu mwingine. Dereva mlevi, baba anayempiga mama, muuzaji anayemwuzia mtoto aliyevaa sare: hapo serikali iwe kali, na sitasikia habari za uhuru. Mwaka 2025 ilitolewa sera ya kitaifa iliyopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Wanafunzi wangu waliudhika, wakisema kwamba mwenye miaka 18 anapiga kura. Hoja yao ina uzito. Lakini niliwaomba kwanza waniambie ni mara ngapi, walipokuwa na miaka 16, muuzaji aliwadai kitambulisho. Walinyamaza. Umri ulio vitabuni, uwe 18 au 21, ni wino mtupu iwapo kibanda kilicho nyuma ya shule hakikaguliwi.

La pili ni ugonjwa. Kiswahili kimetupa maneno matatu ambayo mtaani tunayafanya moja: mnywaji, mlevi na mraibu. Mnywaji ni mtu mwenye gilasi. Mlevi ni mtu aliyezidiwa usiku wa leo. Mraibu ni mtu ambaye kesho hawezi kuamka bila gilasi, na huyo anahitaji daktari. Mjomba wangu aliitwa mlevi hadi kaburini. Lau angeitwa mraibu, pengine kuna mtu angefikiria kumtafutia kitanda.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mkisimama gwarideni kulizungumzia jambo hili, na ni wajibu wenu kulizungumzia, kumbukeni kwamba mbele yenu yupo mtoto aliyelipiwa karo na kile mnachokilaani, na pembeni yake yupo mwingine ambaye karo yake imenywewa. Wote wawili wanasikiliza. Waambieni kuhusu ini, macho na methanoli. Wafundisheni kwamba mtu anaweza kukataa gilasi bila kumdharau aliyeipika. Na msiwatajie haramu bila kuwaambia ni haramu ipi.

Juma lililofuata niliwarudishia wanafunzi lile zoezi walifanye upya. Yule msichana aliandika hivi: wanawake 4 walikamatwa kwa kuuza kileo kisicho na leseni, habari haisemi kama kilipimwa ili kujulikana iwapo kina sumu. Tafsiri yake ilizidi maandishi ya asili kwa urefu, na kwa kanuni za somo letu ilistahili kupunguziwa alama. Sikumpunguzia.